Nilimtangaza Banza Amekufa

Nimekosa, na kosa langu si la kuteleza. Nililifanya nimekaa kwenye kiti, na chai mbele yangu, nikiwa na akili zangu zote. Niliandika katika simu kwamba rafiki yangu amekufa, na nilijua kwamba yuko hai.

Wewe unayesoma hunijui, na afadhali iwe hivyo. Ukiwa mtu wa Kamina labda utaitambua habari hii kabla hujafika katikati, maana hapa kwetu haijaacha kusemwa. Isome hata hivyo. Wanaoisimulia sokoni wananihurumia mahali nisipostahili, na mahali pengine wananiongezea uchawi ambao sina. Nataka kuieleza kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Napiga picha na video za harusi, ubatizo na matanga. Na kila asubuhi na jioni nilikuwa nasoma matangazo katika redio moja ya hapa mjini: mbuzi aliyepotea, mkutano wa wazazi, na vifo. Vifo kuliko yote. Sauti yangu ndiyo watu waliyoizoea kwa habari hiyo. Nikianza kusema "Familia ya...", mama anayepepeta unga alikuwa anasimamisha mikono.

Redioni kulikuwa na sheria moja ambayo nilifundishwa siku ya kwanza: kifo hakisomwi kwa habari ya simu. Mtu wa familia lazima aje mwenyewe, asimame mbele yako, umtazame machoni. Asipokuja, husomi, hata kama anayepiga simu analia. Simu inaweza kudanganya, na maneno ya kifo yakishatoka hayarudishwi kinywani. Miaka yote niliyokaa kwenye kipaza sauti, sikuivunja sheria hiyo. Niliivunja nje ya redio, kwa ajili ya filamu.

Tulipokuwa vijana, mimi na Banza tulitengeneza filamu ya mapigano. Tuliiita Hakuna Kushuka. Banza aliiandika, akaiongoza, na akacheza yeye mwenyewe shujaa wake, fundi wa reli anayepambana na majambazi walioteka treni. Mimi nilishika kamera na kuunganisha picha. Bunduki zilikuwa za mbao, tumezipaka rangi ya viatu. Damu ilikuwa mawese. Sehemu nyingi tulizipiga juu ya mabehewa yaliyokufa nyuma ya stesheni, na wenzetu wakipita pembeni na matawi ya miti ili ionekane kwamba treni inakwenda.

Lakini pigano la juu ya paa tulilipiga juu ya treni ya kweli, iliyokuwa inaelekea Bukama. Hatukuwa na kamba wala ruhusa. Banza alikimbia juu ya paa, upepo ukimvimbisha shati, nami nyuma yake natambaa kwa magoti na kamera. Mpaka leo nikiliona pigano lile, viganja vinatoka jasho.

Siku ya kuonyesha filamu, ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Ilipokwisha, Banza alisimama kushukuru. Alimshukuru padri, akawashukuru wachezaji, akamshukuru mama aliyetupikia bukari, ugali wetu. Alisema "filamu yangu", akarudia tena "filamu yangu". Jina langu hakulitaja.

Nilijiambia kwamba ni jambo dogo. Sikumwambia neno. Nililimeza, na jambo lililomezwa bila kutafunwa halisagiki.

Baadaye Banza alihama. Alipata shamba kwa wakwe zake, katika kijiji kimoja kupita Kabongo, akalima mihogo na kufundisha katekisimu. Huko mtandao wa simu hauji ila ukipanda juu ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya kanisa. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumenyamaziana tu, na kunyamaziana ni rahisi mtu akiwa mbali.

Filamu nayo ilitembea bila sisi. Kopi zilikwenda Lubumbashi na wafanyabiashara, zikavuka mpaka. Mtu tusiyemjua akalitia lile pigano la paa kwenye mtandao, na watu wa nchi za mbali wakaanza kuulizana: hawa ni akina nani, na huyu aliyeshika kamera ni mzima? Ndipo siku moja akaniandikia kijana mmoja wa ng'ambo. Yeye na wenzake wana kampuni ndogo ambayo kazi yake ni kutafuta filamu kama yetu, kuzisafisha picha na sauti, na kuzitoa katika maboksi mazuri kwa watu wanaokusanya filamu. Sikuelewa mwanzoni. Akanieleza kwamba wako watu wanaozipanga filamu kwenye makabati kama padri anavyopanga vitabu vyake, na hawalali vizuri ikikosekana moja.

Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa sababu hapa mjini wanasema Mzungu alinirubuni. Hakunirubuni mtu.

Aliuliza nani walioitengeneza filamu. Nikamjibu: Banza na mimi. Akasema basi wote wawili lazima tukubali, na kwamba wanataka kuzungumza na Banza mbele ya kamera, kwa urefu, maana yeye ndiye moyo wa filamu. Aliandika hivyo hasa: moyo wa filamu. Nililisoma neno hilo, nikaiweka simu chini, nikaichukua nikalisoma tena.

Nilimpigia Banza. Haikupita. Nikapiga tena kesho yake. Haikupita. Sasa, kila mtu wa hapa anayetaka kumpata mtu wa vijiji vile anajua la kufanya: unampa ujumbe dereva wa pikipiki anayekwenda Kabongo, naye anaufikisha sokoni, na wa kijijini akija sokoni anaupata. Nimewatumia ujumbe wa namna hiyo watu wengi. Kwa Banza sikuutuma.

Kijana wa ng'ambo akauliza: umempata?

Nikaandika: "Banza amekufa."

Sitaki kusema shetani aliniingia. Nilifikiri hivi tu: bila Banza, moyo wa filamu nitakuwa mimi. Na Banza hatajua, kwa sababu boksi litauzwa huko kwao, si huku kwenye mihogo.

Uongo wa kifo una kazi nyingi kuliko nilivyodhani. Yule kijana alisikitika kweli. Akauliza alikufa kwa nini. Nikasema malaria iliyopanda kichwani. Akauliza kama nilikuwapo kwenye maziko. Nikasema mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza. Akaomba picha, nikakata moja ya harusi ya Banza, na bega la mkewe likabaki pembeni. Kila jibu nililipima na yaliyotangulia ili yasipingane, kama ninavyofanya na habari za redio. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Niliufanyia uongo kazi safi kuliko niliyowahi kuufanyia ukweli.

Mwishowe akaomba nijipige video nikimkumbuka Banza, pale pale tulipotengenezea filamu. Tulikwenda mimi na mke wangu nyuma ya stesheni. Yeye alishika simu, mimi nikasimama mbele ya mabehewa. Nikaanza kueleza Banza alivyokuwa anakimbia, alivyokuwa anatuchekesha tukiwa na njaa, alivyokataa kumtumia mtu mwingine katika sehemu za hatari. Machozi yakanitoka. Sikuyatafuta, yalikuja yenyewe.

Mke wangu alishusha simu.

"Baba batoto, minyi nilifikiri Banza eko kule Kabongo analima mihogo."

"Eko."

"Sasa unamulilia ya nini?"

"Ni ya filme."

Akanitazama. "Filme ilishaisha zamani. Mu ile filme yenyewe hakukufaka."

"Shika simu, mama."

Alishika. Tukiwa njiani kurudi akasema, bila kunigeukia, "Muntu muzima habamulilie. Banasemaka kufa inamufuata." Nikamwambia aache mambo ya bibi zake.

Boksi lilifika kwa basi la Lubumbashi, limefungwa vizuri. Nimeshika vitu vingi vya harusi na vya heshima, lakini kitu kama kile sikuwa nimekishika. Karatasi ngumu, nyeusi, na juu yake mchoro mpya wa Banza anaruka kutoka behewa hadi behewa, reli inang'aa chini yake. Ndani diski mbili, bango lililokunjwa, na kijitabu. Na kwenye jalada, chini ya jina la filamu, majina mawili: la Banza, na langu. Langu lilikuwa limeandikwa sawasawa, bila kukosewa herufi. Nililigusa kwa kidole.

Katika kijitabu kulikuwa na ukurasa mweusi wenye ile picha ya harusi na maneno ya maombolezo. Nikakitoa kijitabu, nikakificha chini ya nguo zangu. Kijitabu kilisema video yangu iko katika diski ya pili, ambayo sikukusudia kumwonyesha mtu. Nikaamini kwamba kifo kingine chote cha Banza kiko katika kijitabu kile, na nimekifungia.

Diski zenyewe sikuweza kuzitazama. Zilikuwa za aina mpya, na mashine ya kuzisoma sikuwa nayo, wala sikumjua mwenye nayo. Hapo ndipo kiburi kilipokamilisha kazi. Ningeweza kuliweka boksi kabatini, nikalitazama peke yangu. Lakini nilitaka watu walisome jina langu. Nikamtafuta fundi mmoja mwenye kompyuta iliyoweza kuzisoma, nikamwomba padri ukumbi, na Jumapili baada ya misa ya pili watu wakajaa kama zamani. Wengine walikuja na watoto wao waliokuwa hawajazaliwa wakati ule.

Mbele kabisa alikaa Mama Kalenga, dada mkubwa wa Banza. Ni muuza samaki wakavu wa Bukama, kila mtu anamjua pale sokoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na alikuwa anawaambia waliomzunguka, "Mutaona vile mudogo yangu anarukaka. Si kama hawa batoto ya leo banaanguka hata mu kitanda."

Fundi akabonyeza. Ukuta ukawa mweusi. Halafu ikatokea picha ya Banza, ile yenye bega la mkewe pembeni, na chini yake maneno ya Kifaransa: kwa kumbukumbu ya Banza, aliyetuacha kabla ya kuiona filamu yake ikizaliwa upya.

Sikujua kwamba yamo. Naapa sikujua. Lakini kutojua kwangu hakumsaidii mtu.

Waliojua Kifaransa walisoma, wakatazamana. Mama Kalenga akamgusa mwalimu aliyekaa karibu naye.

"Banaandika nini pale?"

Mwalimu akatazama mlango.

"Soma. Minyi siko mutoto."

Akamsomea kwa sauti ya chini. Mama Kalenga akageuka polepole kwenye kiti, akanitafuta mimi nilipokuwa nimesimama karibu na kompyuta.

"Mudogo yangu," aliniita, "weye njo unasomaka majina ya bantu bafu ku redio. Sema. Banza alikufa?"

Ukumbi mzima ukageuka. Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Neno moja lilitosha. "Hapana." Ningeaibika, wangenizomea, labda wangenipiga, nami ningekwenda nyumbani. Nilifungua mdomo, nikaona jina langu kwenye jalada lililosimamishwa mezani, nikaona macho ya watu. Nikainamisha kichwa.

Kwetu, mtu akiulizwa swali lile akainamisha kichwa, amejibu. Na aliyeinamisha alikuwa ni mimi, msomaji wa vifo. Hakuna aliyefikiria kuuliza mara ya pili.

Mama Kalenga alifungua kilemba chake, akaanguka chini. Wanawake wakaitikia kilio. Fundi alikuwa hajui kusimamisha diski ile, na filamu ikaendelea: ukutani Banza anakimbia juu ya mabehewa, kijana, shati limejaa upepo, picha safi kama ya jana, na chini yake dada yake anagaagaa sakafuni anamlilia.

Matanga yalianza jioni ile katika kiwanja cha Mama Kalenga. Turubai, mikeka, moto. Mimi nilipewa mahali pa kukaa karibu na wafiwa. Nilikaa. Walioniuliza niliwajibu yale yale niliyomwandikia kijana wa ng'ambo, malaria na udongo wa kwanza. Watu walinishika mkono mmoja mmoja. "Pole, ndugu. Ile muzigo ulibeba weye peke yako." Mjomba mmoja wa Banza alinikaripia kwa upole: "Juu ya nini haukutuambia? Ulitupa udongo na sisi hapana?"

"Niliogopa, muzee."

"Kuogopa nini? Kufa ni ya sisi bote."

Usiku ulipoingia, shemeji mmoja, ambaye kwa desturi ana ruhusa ya kumtania marehemu, alisimama kwenye moto. "Uyu Banza alirukaka ma-treni mbele ya macho yetu. Treni haikumuweza. Sasa kale kambu kadogo ka malaria njo kakamushusha? Ah, Banza, unatutia haya." Watu walicheka. Nilicheka nao. Niliusikia mdomo wangu ukicheka.

Wakati huohuo habari ilikuwa njiani bila mimi. Wauza samaki wa kikundi cha Mama Kalenga walipanda treni ya Bukama, na kutoka Bukama ikashuka kwa mitumbwi mpaka kijiji cha kando ya ziwa, ambako mama yake Banza anaishi. Mama huyo ni mzee sana, na macho yake yalishazimika.

Upande wa kaskazini walimtuma mtoto wa Mama Kalenga, mtu mzima mwenye pikipiki, aende kwa mjane akaulize kwa nini walifichwa, na aone kaburi. Alimkuta Banza shambani anang'oa mihogo. Baadaye Banza alinisimulia kwamba alifikiri ni utani, mpaka alipomnyoshea mpwa wake mkono na mpwa akarudi nyuma.

Banza aliingia matangani kwake asubuhi, amekaa nyuma ya pikipiki, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Wanawake walitawanyika, sufuria ikapinduka. Mama Kalenga peke yake hakuondoka kwenye mkeka.

"Kama ni Banza," alisema, "aseme ile jina mama alimuitaka akiwa mutoto."

Banza alilisema. Sitaliandika hapa, si langu. Mama Kalenga alitambaa mpaka kwenye miguu yake, akaushika mmoja, halafu mwingine, kama anayepima samaki sokoni. Halafu akainua kichwa. Watu wote wakageuza macho, wakanikuta nimekaa pale pale waliponiketisha.

Hakuna aliyenipiga. Mjomba alisema tu, "Toka mu mukeka." Nikatoka.

Banza hakuniuliza kitu mbele yao. Aliomba aione filamu. Fundi alileta kompyuta katika chumba kimoja cha parokia, nasi tukakaa watatu. Aliitazama yote, tangu picha yake ya maombolezo. Kwenye pigano la paa alisogea karibu na kioo.

"Baliipangusa muzuri," alisema. "Hata jasho inaonekana." Halafu, "Kamera yako ilikuwa muzuri, mudogo. Haikutetemeka."

Nilitamani dunia inimeze. Neno lile ndilo nililolingoja miaka yote.

Halafu, katika diski ya pili, yakaja mahojiano yangu mbele ya mabehewa. Aliniona nikieleza malaria yake. Aliniona nikieleza udongo wa kwanza. Aliniona nikilia. Ilipokwisha, fundi akatoka nje bila kuambiwa.

"Ile machozi ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, yaya," nilisema, nikimwita kaka kama zamani.

"Ile njo inanishinda. Kama ilikuwa ya uongo, ningejua nafanya nini na weye."

Nikamwambia yote, hata lile la jina langu lisilotajwa ukumbini. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa.

"Nililijua palepale," alisema. "Nilipokaa tu chini. Nikasema mu roho: kesho atakuja kunitukana, tutacheka. Nilikungojea. Haukukuja."

"Tutasahihisha, yaya. Nitawaandikia. Watakuja wazungumze na weye."

"Kwanza nifike kwa mama," alisema. "Ile ingine tutaona."

Niliwaandikia kweli. Niliungama kila kitu. Yule kijana wa ng'ambo alichelewa kujibu, na alipojibu hakutukana. Alisema ameumia. Alisema maboksi yote yameshauzwa, na hana njia ya kuyarudisha kutoka kwa walioyanunua. Likitoka toleo jingine watarekebisha, lakini toleo jingine halijapangwa. Kwa hiyo katika nyumba nisizozijua, katika nchi ambazo sitafika, Banza amekufa, na watu wanaomheshimu wanamsikitikia kila wakiwasha diski.

Redioni waliniondoa kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimeomba nisome tangazo kwamba Banza yuko hai. Mkuu wangu alisema tangazo hilo litasomwa, ila si na mimi. Alisema, "Nani atasadiki?" Harusi zinapita mbele ya mlango wangu na kwenda kwa mpiga picha mwingine. Wapo wanaosema nilimuuza Banza kwa Wazungu ili nipate nyota. Mke wangu anapika, ananiwekea chakula, anatoka.

Hayo yote ningeyabeba. Yanayofuata sikuyaona kwa macho yangu. Naeleza kama Mama Kalenga alivyoniambia siku niliyomfuata sokoni, huku akipanga samaki wake na bila kuniangalia hata mara moja.

Walifika kijijini, yeye na Banza, wakamkuta mama yao amenyolewa kichwa, amekaa chini, amejifunga kitambaa cha msiba. Banza alipiga magoti, akamwita. Mama akanyosha mikono, akamshika uso. Akapapasa mashavu, akapapasa mikunjo ya paji la uso na ndevu zenye mvi.

"Mutoto yangu hakukuwaka na uso ya muzee," alisema.

"Mama, njo minyi. Banza."

"Bantu ya Kamina balikutuma unitulize roho. Balifanya muzuri. Kaa, baba."

Banza alimtajia lile jina la utotoni. Mama alisema, "Alikuambia hata ile? Basi mulipendana." Alimtajia majina ya waliokufa, akamkumbusha nyumba iliyoungua, akamkumbusha kisima. Kila alichosema, mama alimshukuru kwa kuwa rafiki mkubwa wa mwanawe.

Ndipo Mama Kalenga akakumbuka kwamba fundi alikuwa amemtilia filamu katika simu. Akafikiri: mama hawezi kuona, lakini atasikia, sauti ya mtoto haipotei. Akaiwasha. Sauti ilikuwa imesafishwa vizuri kule ng'ambo, imetolewa kelele zote. Banza wa zamani, kijana, akapaza sauti juu ya mlio wa treni.

Mama mzee aliruka kama aliyechomwa. "Uyu! Uyu njo mutoto yangu!" Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitia sikioni.

Banza alisogea, akaanza kusema maneno yale yale pamoja na ile sauti, maana aliyaandika yeye na alikuwa hajayasahau. Alitaka mama asikie kwamba ni koo moja. Mama akamsukuma kwa kiwiko.

"Nyamaza, baba. Nisikie mutoto."

Mama Kalenga alipofika hapo aliacha kupanga samaki. Alisema, "Enda." Nikaenda.

Banza ameacha shamba lake mikononi mwa mkewe. Sasa kila apatapo njia anashuka ziwani. Wamepeleka padri, wamepeleka wazee, wamepeleka majirani waliokua naye. Mama anawasikiliza wote kwa adabu. Anasema msomaji wa vifo wa Kamina mwenyewe alikiri mbele ya watu, sasa wao wanataka kumdanganya kikongwe kwa faida gani? Na mimi siwezi kwenda kumkana yule msomaji, kwa sababu Banza amekataza nisikanyage pale.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyekuumiza kwa jambo dogo, usilifanye biashara ya moyoni. Tafuta pikipiki, mfuate alipo, mtukane usoni, agombane nawe, mmalize. Na kama umeshasema uongo, na ukaulizwa mbele ya watu, jibu palepale, hata ukizomewa. Mimi niliulizwa, nikainamisha kichwa.

Sasa Banza akifika kwa mama yake anakaribishwa kama mgeni, anapewa kiti, anasimuliwa habari za mwanawe marehemu. Hapo mwanzo alikuwa anabisha. Mama Kalenga anasema ameacha kubisha. Anakaa, anamshika mama mkono, na mama akilia, Banza anampa pole.